Mwanafunzi asiambiwe siku ya mtihani kwamba hakusajiliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu usajili wa kozi katika vyuo vikuu vyetu vikubwa vya umma, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui mpaka limewafika, na ambalo wanafunzi wenyewe hulitambua wakati umekwisha kupita. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Busia, na ninamlipia karo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye Agosti hii anaingia mwaka wa pili wa shahada ya ualimu wa Kiswahili na Historia. Chuo anachosoma sitakitaja, kwa kuwa sina nia ya kumshtaki mtu gazetini, na pia kwa kuwa walimu wenzangu wenye watoto katika vyuo vingine wamenisimulia mambo yale yale, tofauti ikiwa majina ya majengo tu.

Agosti mwaka jana tuliondoka Busia saa kumi alfajiri, tukapita Iganga na Jinja, na msongamano wa magari wa Mukono ukatuchelewesha kiasi cha kutufikisha chuoni wakati foleni ya kuhakiki vyeti imekwisha kuzunguka jengo. Tulikaa siku mbili. Mpwa wangu alionyesha barua yake ya kudahiliwa na matokeo halisi ya mtihani wa kidato cha sita, akapigwa picha ya kitambulisho, akapewa namba yake ya usajili, nami nikalipa karo na kutia stakabadhi ya benki mfukoni. Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba mtoto amekwisha kusajiliwa. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi, na nilikuwa nimekosea kabisa.

Kosa langu lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la jambo lenyewe. Katika Kiswahili chetu cha kila siku kujiandikisha na kujisajili ni kitu kimoja, na mtu aliyepewa namba ya usajili tunamhesabu kuwa amesajiliwa. Chuoni si hivyo. Kwanza kuna kudahiliwa, ambako hufanyika mara moja tu katika maisha ya mwanafunzi. Kisha, kila muhula unapofunguliwa, kuna kujiandikisha, yaani mwanafunzi kuingia katika tovuti ya chuo na kutamka kwamba yupo na anaendelea na masomo. Baada ya hapo ndipo kuna usajili wenyewe, ambao maana yake ni kwamba mwanafunzi amejiandikisha, amelipa kinachotakiwa, amechagua kozi za muhula huo moja moja, na idara imezikubali. Mwanafunzi aliyefanya la pili bila la tatu ana kitambulisho, ana kitanda hosteli, anaketi darasani pamoja na wenzake, na kwa hesabu ya mitihani hayupo. Sikuona mahali popote katika karatasi tulizopewa siku ile palipoelezwa tofauti hii kwa maneno ambayo mtoto wa miaka kumi na tisa anayefika mji mkubwa kwa mara ya kwanza angeyaelewa.

Malipo nayo yana njia yake. Karo ya vyuo vya umma hupitia Mamlaka ya Mapato ya Uganda, na mwanafunzi hutengeneza kwanza namba ya malipo katika mfumo, kisha huipeleka benki, kwa wakala, au huilipia kwa simu. Namba hiyo hufungwa na kile kilichochaguliwa wakati wa kuitengeneza. Ukichagua ada ya masomo ukasahau ada nyingine ndogo ndogo za huduma za chuo, utakuwa umelipa mamilioni na bado unaonekana hujakamilisha. Hilo sisi tulinusurika nalo, kwa sababu kijana mmoja aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alichungulia simu ya mpwa wangu akamwambia arudie. Namshukuru kijana huyo, ingawa nasikitika kwamba kazi ile ilimwangukia yeye aliyesimama nyuma yetu badala ya mtu aliyeajiriwa kuifanya.

Lililotupata ni la kozi. Nitumie neno hili kwa maana ya somo moja la muhula mmoja, maana wengi wetu tukiulizwa mtoto anasoma kozi gani hujibu kwa kutaja shahada nzima. Kila kozi ina jina, ina herufi na tarakimu zake za utambulisho, na ina uzito unaopimwa kwa krediti. Krediti moja ni saa 15 za kufundishwa katika muhula, kwa hiyo kozi ya krediti 3 ni saa 45 za mhadhara. Kozi nyingine ni za lazima na nyingine mwanafunzi huchagua. Mpwa wangu alitakiwa kuwa na kozi sita. Mojawapo, ya upande wa Kiswahili, ilionekana mara mbili katika orodha ya mfumo, kwa majina yanayokaribiana na tarakimu tofauti, kwa sababu mtaala ulikuwa umebadilishwa na kozi ya zamani haikuwa imeondolewa. Mwakilishi wa darasa aliwatumia wenzake ujumbe wenye tarakimu za kozi zote sita. Kwa kozi hiyo moja alitoa tarakimu za zamani, ambazo huenda na yeye alizipokea kutoka kwa mwanafunzi aliyemtangulia. Mfumo ulizipokea bila kulalamika. Mpwa wangu akatazama ukurasa wake, akaziona kozi sita kwa macho yake mwenyewe, akafunga simu na kwenda darasani.

Siku chache baadaye idara ilipopitia orodha, kozi ya zamani iliondolewa. Waliogundua wakarekebisha. Yeye hakugundua, kwa kuwa hapakuja ujumbe wowote kwenye simu wala kwenye barua pepe, wala hapakubandikwa karatasi mlangoni. Ukurasa uliokuwa na kozi sita ulibaki na kozi tano, kama shamba lililovunwa usiku.

Alihudhuria mihadhara ya kozi hiyo majuma yote 15. Alifanya jaribio la katikati ya muhula na kuandika insha aliyopewa, na mhadhiri akamsahihishia na kumpa alama. Siku ya mtihani jina lake halikuwamo katika orodha ya kutia sahihi. Msimamizi, mtu mwema, alimwona mtoto amekaribia kulia, akamruhusu aandike jina lake kwa mkono chini ya orodha na kufanya mtihani, akimwambia kwamba mambo hayo hurekebishwa baadaye. Matokeo yalipotoka muhula wa pili, kozi tano zilikuwa na alama na ya sita haikutajwa kabisa.

Sitawachosha wasomaji kwa kusimulia kila mlango. Aliniita, nikaenda mwenyewe mara mbili. Idara ilitupeleka ofisi ya kitivo, kitivo kikatupeleka kwa msajili wa taaluma, kwa msajili tukaelekezwa kwa watu wa kompyuta, na watu wa kompyuta wakasema wao hawaongezi wala hawapunguzi kozi ya mtu bila barua ya idara. Mahali pamoja karani aliniambia, “Mzee, mtandao umekatika, njoo kesho,” nami nikamjibu, “Mwanangu, kesho yangu iko Busia, kilomita mia mbili kutoka hapa.” Alicheka, akanipa kiti, lakini mtandao haukurudi. Uamuzi wa mwisho ulikuwa kwamba mtihani uliofanywa bila usajili hautambuliwi, na kwa kuwa kozi hiyo hufundishwa muhula wa kwanza tu, mpwa wangu atairudia Agosti, pamoja na waliokuja nyuma yake, na kuilipia tena. Tuna bahati kwamba ni mwaka wa kwanza. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akipatwa na hili hukosa mahafali, hukaa nyumbani miezi akingoja kozi moja, na cheti anachokihitaji kuombea kazi humfikia mwaka mzima baadaye.

Najua nitakavyojibiwa, kwa hiyo nikiri kwanza. Mpwa wangu alikosea. Alipaswa kuingia katika ukurasa wake tena na tena, na alipaswa kulinganisha tarakimu na zile zilizobandikwa idarani badala ya kutegemea ujumbe wa mwenzake. Mimi pia nilipaswa kuuliza. Ninacholalamikia ni kwamba, tangu juma la tatu hadi la kumi na tano, chuo kilikuwa na habari yote iliyohitajika kulitambua kosa hilo. Mfumo ulijua kwamba mwanafunzi huyu anatakiwa kuwa na kozi sita na ana tano. Idara ilijua imeondoa kozi na imewaondolea nani. Mhadhiri alikuwa na insha yenye jina lisilokuwa katika orodha yake. Kila mmoja alishika kipande chake, na hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuviweka vipande hivyo mezani pamoja wakati dirisha la marekebisho, yaani muda ambao mwanafunzi huruhusiwa kurekebisha kozi zake, lingali wazi.

Nilipojiunga na chuo cha ualimu miaka mingi iliyopita, usajili ulifanyika kwenye meza iliyowekwa barazani. Ulijaza fomu kwa kalamu, chini yake pana karatasi ya kaboni, karani akapiga muhuri juu ya zote mbili, moja akabaki nayo na nyingine ukaenda nayo bwenini. Sisemi zamani zilikuwa nzuri. Mafaili yalipotea, panya walikula mengine, na foleni zilikuwa ndefu kuliko za leo. Lakini ile nakala ya kaboni ilikuwa na faida ambayo mfumo wa leo umeitupa bila kuweka badala yake: pande mbili zilibaki na ushahidi mmoja, na upande mmoja haukuweza kuubadilisha pasipo mwingine kujua. Leo mwanafunzi ana ukurasa unaobadilika akiwa amelala, na akidai kwamba jana ulisema vingine hana cha kuonyesha.

Wapo watakaosema kwamba mimi ni mzee ninayeogopa kompyuta. Hapana. Nikitoa shilingi 5,000 kwa wakala wa pesa za simu pale sokoni Busia, simu yangu inalia kabla sijafunga mfuko, na ujumbe unaniambia nimetoa kiasi gani, saa ngapi, na kimebaki nini. Teknolojia ya kumjulisha mtu kwamba kitu chake kimeguswa ipo, na kila mama muuza mbogamboga anaitumia. Kozi yenye saa 45 za masomo na sehemu ya karo ya muhula ikiondolewa bila hata ujumbe mmoja, tatizo ni kwamba hakuna aliyeona umuhimu wa kuutuma.

Naelewa ukubwa wa kazi. Makerere ilipoanza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi ilikuwa na wanafunzi 14, na bila shaka mwalimu aliyekuwa nao aliwajua kwa sura. Hadi Mbarara ilipofunguliwa mwaka 1989 nchi hii ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu cha serikali. Sasa tuna Kyambogo, Gulu, Busitema, Muni, Lira, Kabale, Soroti na vingine. Tangu miaka ya 1990, vyuo vilipofungua milango kwa wanaojilipia, idadi ya wanafunzi imekua kuliko idadi ya makarani, na karani mmoja anayehudumia mamia ya watu kwa siku hawezi kulaumiwa kwa kutojua jina la mpwa wangu. Hiyo ndiyo sababu nataka mashine ifanye hesabu na karani apewe orodha fupi ya wenye tatizo, badala ya kungoja kila mwenye tatizo asimame mlangoni kwake Desemba.

Pengo hili lisipozibwa na chuo huzibwa na wengine. Mwakilishi wa darasa, ambaye naye ni mwanafunzi tu, hukusanya majina kwenye daftari, hujibu maswali usiku kucha, na akikosea tarakimu moja darasa zima huanguka naye. Nje ya malango ya vyuo pana vibanda vya kuchapisha na kutoa nakala, ambako vijana wenye kompyuta huwasajili wanafunzi kwa malipo. Mwanafunzi humpa kijana asiyemjua namba yake na nywila yake, na kijana huyo huingia katika ukurasa wenye alama zake, malipo yake na simu ya mzazi wake. Tuna Sheria ya Kulinda Data na Faragha tangu mwaka 2019, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu aliyelazimika kugawa nywila yake kwa sababu simu yake ndogo haifungui tovuti ya chuo, au kwa sababu bando limeisha. Bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Nakumbuka sheria ya kodi hiyo ilisema intaneti ya huduma za elimu isitozwe. Ningependa siku moja nielezwe mwanafunzi anayejisajili akiwa kijijini hunufaikaje na msamaha huo.

Kuna suala la karo ambalo siwezi kulikwepa, maana ndilo huchelewesha wengi zaidi. Sipingi karo kulipwa. Lakini usajili wa kozi ukifungwa pamoja na malipo, mtoto wa mkulima anayengoja mahindi yauzwe, au yule anayesubiri mkopo wa serikali ambao hupelekwa moja kwa moja chuoni, huachwa bila kuchagua kozi mpaka majuma yamekwenda, kisha huzichagua kwa haraka siku ya mwisho, wakati tovuti imeelemewa na idara haina nafasi ya kuangalia. Mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa. Mwanafunzi achague kozi zake juma la kwanza na idara izihakiki mapema, hata kama usajili hautakamilika mpaka shilingi ya mwisho iingie. Hapo anayedaiwa atabaki anadaiwa, na asiyedaiwa hatapoteza mtihani kwa sababu ya tarakimu.

Ninachokiomba kwa wasajili wa taaluma wa vyuo vyetu, basi, ni kidogo na hakihitaji jengo jipya. Juma la nne la muhula, kabla dirisha la marekebisho halijafungwa, kila idara itoe orodha ya namba za usajili, bila majina, za wanafunzi ambao kozi zao ni pungufu au zina kasoro, na mbele ya kila namba iandikwe sababu: malipo, kozi iliyofutwa, au idhini ya idara. Orodha hiyo ibandikwe ubaoni na itumwe kwa simu. Kozi yoyote ikiondolewa, mwenyewe ajulishwe siku hiyo hiyo. Na usajili ukikamilika, mwanafunzi apate karatasi yenye tarehe na kozi zake zote, iliyothibitishwa na chuo, ambayo chuo chenyewe kitaiheshimu iwapo ukurasa utakuja kusema vingine. Mhadhiri naye apewe orodha yake mapema, si siku ya mtihani, ili insha isiyo na mwenyewe imshtue Septemba.

Niliambiwa na mmoja wa maofisa, kwa heshima zote, kwamba wanafunzi wa chuo kikuu ni watu wazima na wanapaswa kujitunza. Ni kweli ni watu wazima. Lakini mimi nina miaka sitini na saba na bado benki yangu hunitumia taarifa ya akaunti.

Lipo pia lililo kubwa kuliko familia yangu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Shule ni nyingi na walimu wa kukifundisha ni wachache, kila mwalimu mkuu ninayemfahamu huku mpakani analia nalo. Serikali inayowatafuta walimu hao inapaswa kujua kwamba mmoja wao amerudishwa nyuma, ingawa Kiswahili anakiweza, kwa sababu kozi moja ilikuwa na tarakimu za zamani na za sasa.

Muhula wa pili nilikwenda naye tena. Alipomaliza kuchagua kozi na idara kuzikubali, tulichapisha ukurasa wake nakala mbili kwenye kibanda cha nje, tukarudi idarani, nikamwomba karani atie sahihi na muhuri juu ya zote mbili. Aliniuliza muhuri wa nini, kwa kuwa kila kitu kimo katika mfumo. Nilimsimulia habari ya kozi ya sita. Alinyamaza kidogo, akavuta droo, akagonga muhuri, akaandika tarehe kwa mkono wake. Nakala moja ilibaki idarani. Ya pili ninayo hapa Busia, katika faili moja na stakabadhi za karo.

Mwalimu mstaafu,
Busia, Uganda